Wawili Juu ya Pikipiki Moja



Mara nyingi tukizungumza juu ya ndoa tunawaweka mume na mke mezani, au chumbani, au mbele ya watoto wao. Leo tuwapandishe pikipiki, tuwatoe Kitale asubuhi, tuwafikishe Bungoma kwa shemeji. Safari yenyewe haifiki kilomita 100. Hata hivyo ndani yake mna mambo ambayo wengine wetu hawajayazungumza kwa miaka 20 ya kuishi pamoja.

Kwa nini pikipiki? Kwa sababu ndiyo iliyoko. Neno bodaboda limetoka huku kwetu magharibi, kwa vijana waliowavusha watu kwa baiskeli mpakani Busia na Malaba tangu miaka ya 1960. Kisha mwaka 2008 Serikali ya Kenya ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na baiskeli zikaanza kuachwa ukutani. Leo ziko nyumba ambazo pikipiki ndiyo mali yao kubwa ukiondoa shamba na ng'ombe. Asubuhi hubeba maziwa, mchana hubeba abiria, na siku ya harusi au msiba huwabeba wenyewe, baba mbele na mama nyuma.

Safari ya kwa mjomba

Tuchukue mfano. Ni mwezi wa Agosti, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama ulivyokuwa 2022 au 2024. Kwa Babukusu huo ndio mwaka wa jando. Kijana ataizunguka jamii yake akicheza njuga kuwaalika ndugu, na hawezi kumruka mjomba, kaka ya mama yake. Mjomba ndiye anayemchinjia na kumvika nyama ya kidari shingoni. Mjomba akikataa, au akitoa kwa uso uliokunjwa, kijana anaingia jandoni na doa, na mama yake anaona haya mbele ya wote.

Sasa wafikirie mume na mke wanaolima mahindi kando ya Kitale. Mke kwao ni upande wa Bungoma, si mbali na Kanduyi. Kijana wao ni wa mwaka huu. Kati yao na kaka ya mke kuna neno la zamani: ng'ombe wawili wa mahari hawajafika. Wameamua waende wenyewe wakaseme na shemeji kabla kijana hajachukua njuga. Uamuzi ni mzuri. Ugomvi unaanza jioni ya kuamkia safari, wanapopanga njia.

Mume anataka lami tupu: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Lugulu mpaka Webuye, halafu akate kulia kwenye barabara kuu ya Malaba hadi Bungoma. Mke anataka waache barabara hiyo pale Kamukuywa, wapite Kimilili na Chwele, chini ya Mlima Elgon. Anasema anaogopa trela za Malaba. Mume anacheka. "Mama, mimi nimeendesha miaka kumi. Wewe unajua nini juu ya barabara?"

Hebu tusimame kwenye swali hilo, maana mume ameliuliza kama dharau, nalo lina jibu.

Aliye nyuma anajua nini

Anayeendesha huona kinachokuja. Ameshika breki, ameshika usukani, na kabla hajalipita lori mwili wake umekwisha kujiweka tayari, kwa kuwa uamuzi umetoka kichwani mwake mwenyewe. Aliye nyuma anaona mgongo wa mwenzake. Hajui kama wataipita trela ile au watangoja. Anapojua, upepo wa magurudumu tayari unampiga gotini. Hana breki, na cha kushika ni jaketi ya mumewe tu. Mwendo ni mmoja, lakini safari ni mbili.

Tupige hesabu kidogo. Pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa, inamaliza karibu mita 17 kwa kila sekunde. Ikienda 80, inamaliza mita 22. Mwezi wa Agosti mahindi ya Trans Nzoia yamesimama marefu kuliko mtu, yameziba midomo ya vijia vyote vinavyoingia barabarani. Ng'ombe akitokea humo, na dereva akachelewa sekunde moja kuelewa anachokiona, amekwisha kusogea mita 17 kabla kidole chake hakijagusa breki. Akiwa amebeba mtu, pikipiki itachukua nafasi zaidi kusimama kuliko alivyozoea akiwa peke yake. Haya yote mke hajayasoma popote. Ameyahisi kwenye mgongo wake kila waliposafiri, na huko ndiko kujua kwake.

Kwa hiyo nasema, na najua mabwana wengine hawatapenda: pikipiki ikiwa na watu wawili, mwendo wake upangwe na aliye nyuma.

Huenda bwana mmoja atajibu kwamba mume ndiye kiongozi wa nyumba. Sawa, na aongoze. Usukani ni wake, hakuna anayemnyang'anya, na mke asiingize mkono kwenye breki wala asijitupe upande mmoja kwa woga kwenye kona, maana hapo atawaangusha wote wawili. Lakini kiongozi asiyejua kama anayemwongoza anatetemeka anamwongoza nani? Mwingine atasema mke wake ana hofu ya bure, hata kilomita 30 kwa saa anapiga kelele. Basi aanze na hizo 30. Hofu ya namna hiyo hupungua siku mtu anapoona kwamba neno lake likitamkwa linasikiwa. Inazidi pale anapochekwa.

Turudi kwa wawili wetu. Waliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa njia ya mume. Kitale iko juu, karibu mita 1,900, na baridi ya saa hiyo inajulikana. Hadi Kiminini mke alikuwa akisema: tazama kanisa lile, tazama wale wameshavuna maharagwe. Wakaanza kuteremka kuelekea daraja la Kamukuywa, mahali penye sifa mbaya ya ajali, na mume hakupunguza mwendo. Hapo mke akanyamaza. Mume akafikiri, "Ameshazoea."

Mabwana, hapa ndipo wengi wanapokosea, barabarani na nyumbani pia. Kunyamaza kwa mtu aliye nyuma yako kuna maana nyingi, na kuzoea ndiyo maana isiyo ya kawaida. Mara nyingi ameona kwamba kusema hakusaidii, akaamua kukaza meno mpaka mfike. Ukimuuliza jioni, atakuambia safari ilikuwa nzuri. Mwezi ujao ukimwambia mwende tena, atakuwa na kichwa kinachouma.

Patana naye kabla hamjapanda. Upepo na kofia haviruhusu maneno, kwa hiyo wekeni ishara. Kofi moja begani ni kupunguza mwendo. Makofi mawili ni kusimama. Na sharti liwe hili: ishara ikitolewa, itiiwe kwanza, maelezo yaje baadaye. Dereva asigeuze shingo na kuuliza "Kuna nini tena?" huku pikipiki inakwenda. Apunguze au asimame pembeni mahali salama, avue kofia, asikilize. Akina mama nao wasiitumie ishara hiyo kumaliza hasira ya jana. Ikitumiwa ovyo mara tatu, ya nne haitaaminiwa, na ya nne huenda ndiyo yenye ng'ombe.

Mikopo nayo ina mgongo

Ukilielewa jambo hili la mbele na nyuma, utaliona mahali pengi nyumbani. Bwana anachukua mkopo wa kununua pikipiki ya pili ili aikodishe. Yeye ameongea na wakopeshaji, amepiga hesabu, anajua wiki ya kwanza atalipa kwa pesa gani na ya pili kwa pesa gani. Moyo wake umetulia kwa sababu ameshika usukani. Mke amesikia kiasi cha deni tu, tena kutoka kwa jirani. Kwake kila mtu anayebisha mlango ni mdai. Deni ni lilelile, lakini mmoja analala na mwingine halali.

Na si mabwana peke yao. Kuna akina mama wanaochukua pesa za chama kwa siri, wakijua vizuri jinsi watakavyozirudisha, na baba anakuja kuligundua siku mwenyekiti wa chama anapofika uani na wenzake wawili. Hapo aliyekuwa nyuma ni mume. Asikaripiwe kwa kushtuka. Mtu aliyeambiwa mapema, hata habari iwe mbaya, hupata nafasi ya kujishikilia.

Usingoje mpaka mambo yote yawe sawa kichwani mwako ndipo umwambie mwenzako. Mwambie ungali unafikiri. Huenda atapiga kofi moja begani, nawe utapunguza mwendo, na mkopo uliokuwa wa mwaka mmoja mtauchukua baada ya mavuno, Novemba, mkiwa na magunia ghalani.

Nguo, leso na kofia ya pili

Kuna jambo ambalo wanaume huliona dogo. Mke anakwenda kwao, tena kwa shughuli ya heshima. Hawezi kutokea mbele ya wazee na suruali. Kwa hiyo anavaa gauni, anafunga leso, na anakaa upande, miguu yote kushoto. Kukaa hivyo ni hatari. Uzito umeegemea upande mmoja, hana pa kukanyagia vizuri, na breki ya ghafla itamtupa. Leso nayo ikilegea inaingia kwenye mnyororo au kwenye gurudumu, na hapo hakuna muda hata wa kupiga kelele.

Dawa yake ni rahisi kuliko ubishi wenyewe. Avae suruali chini ya gauni, akae akielekea mbele, miguu yote miwili kwenye vikanyagio. Leso iwe ndani ya mfuko. Wakifika Kanduyi wasimame, aifunge, apanguse viatu, afike kwao kama binti wa mtu. Na bwana naye ajipanguse. Kila mkwe wa huku anajua uzito wa kuonwa na mama mkwe akiwa na matope usoni.

Sheria ya Kenya tangu mwaka 2012 inasema pikipiki ibebe mtu mmoja tu pamoja na dereva, na wote wawili wavae kofia ya kukinga kichwa na jaketi ya kumetameta. Tazama barabarani uone linalofanyika. Baba amevaa kofia. Mama amefunga kitambaa. Ukimuuliza baba, atakuambia kofia ya pili ataichukua mwezi ujao, na wakati huo ameshabadilisha viti vya pikipiki na kuongeza taa za rangi. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zimeonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kichwa cha mkeo kimo katika hesabu hiyo sawasawa na chako.

Na mtoto? Akina baba wengi humweka katikati, kati ya baba na mama, wakiamini hapo ndipo penye usalama. Sheria hairuhusu, wala akili hairuhusu: mkianguka, mtoto anabanwa na watu wazima wawili. Mama na mtoto wapande matatu, baba awafuate. Kama nauli haitoshi, mtoto abaki na bibi yake, au safari ingoje.

Kituo cha Webuye

Wawili wetu walifika Webuye wakiwa hawasemezani. Hapo mume alifanya jambo la busara, ingawa alilifanya kwa sababu ya njaa: akasimama. Wakanywa chai. Aliye nyuma huchoka kuliko anavyoonekana, maana mgongo hauna pa kuegemea, na kila shimo analipokea bila kuonywa. Kusimama robo saa baada ya mwendo wa saa moja si uvivu.

Mbele ya kikombe mke akasema aliyokuwa nayo tangu Kamukuywa. Hakupiga kelele. Alisema, "Pale darajani nilifikiria watoto." Mume akanyamaza, na safari hii kunyamaza kwake kulikuwa na faida.

Aliye nyuma hubeba hofu, lakini huona mengi pia. Dereva anatazama lami. Mwenzake ndiye anayeuona Mlima Elgon ukitoka mawinguni, vilima vya Chetambe ambako Babukusu walipigana na Waingereza mwaka 1895, na mama anayewapungia mkono kutoka shambani. Mwaka 1934 mume na mke wa Poland, Stanisław Bujakowski na Halina Korolec-Bujakowska, waliondoka kwao kwa pikipiki, wakapitia Uturuki, Uajemi na India, na mwaka 1936 wakafika Shanghai nchini China. Aliyeandika habari za safari ile ni mke, na maandishi yake yalitolewa kitabu mwaka 2011. Mume angeandika nini, isipokuwa hali ya barabara? Bwana, mkifika mnakokwenda, mwombe mkeo akusimulie ulikopita. Utashangaa.

Kutoka Webuye walichukua barabara kuu, kwa sababu ndipo walipokuwa, lakini mume alikwenda 50 na kuziacha trela zimpite. Kurudi walikubaliana wapite Chwele. Kuanzia Bukembe mlikuwa na makundi ya vijana barabarani, njuga mikononi, ndugu wakiwafuata kwa nyimbo. Ukikutana na kundi la namna hiyo usipige honi ya kuwasukuma. Simama, wacha wapite. Na Agosti mvua ya huku hupenda alasiri, kwa hiyo fika mapema, na kama imekukuta, lala huko huko. Usiku, lami yenye maji na taa za malori si mahali pa watu wawili wenye gurudumu mbili.

Nani yuko mbele sasa?

Wamefika. Baba ameegesha pikipiki chini ya mwembe. Hapa mambo yamegeuka, na waume wengi hawatambui. Katika boma la kaka yake, mke ndiye anayeijua njia. Anajua ni mzee gani asalimiwe kwanza, ni neno gani lisitajwe, na kaka yake akikohoa ana maana gani. Mume sasa amekaa nyuma, haoni kinachokuja. Akianza kusema juu ya wale ng'ombe wawili kabla ya chai, atawaangusha wote.

Ndiyo maana yafaa walizungumze lile la mahari kabla ya kufika, pale Webuye au hata nyumbani: wana nini mkononi, wataahidi nini, na nani atatamka. Wakiahidi ng'ombe mmoja baada ya mavuno, wote wawili wawe wamelijua neno hilo kabla shemeji hajalisikia. Mke naye asimtangulize mume wake kwenye aibu kwa kuwaeleza ndugu zake siri za madeni ya nyumbani. Akumbuke jinsi alivyojisikia darajani.

Jambo la mwisho ni zoezi. Jumamosi moja yenye nafasi, nendeni kiwanjani, mahali pasipo magari. Mke ajifunze kuendesha. Akina mama wengi wanaweza, na akitaka kuendesha barabarani aende akapate mafunzo na leseni kama mtu mwingine yeyote. Lakini kwa siku hiyo kiwanja kinatosha. Akishaweza kwenda na kusimama bila kuyumba, mume avae ile kofia ya pili na akae nyuma, mizunguko miwili tu. Asitoe maelekezo. Aangalie mikono yake inatafuta nini cha kushika.

Jioni, watoto wakishalala, mwaweza kuulizana. Ni mwendo gani wa nyumba yetu unaokutisha, nami sijui? Ni lini mara ya mwisho uliponyamaza nami nikadhani umekubali? Ni jambo gani mwaka huu nimeliamua nikiwa peke yangu mbele? Na kofia ya pili, itanunuliwa tarehe ngapi?